Milimita Moja ya Mwanga

Nilikuwa fundi wa kamera Kabeza, kwenye safu ya maduka yanayotazama barabara ya uwanja wa ndege, na nitasema bila haya kwamba nilikuwa fundi mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu ninayoyakumbuka hapa yanahusu siku moja ambayo sikuwa fundi mzuri, na sitaki mtu adhani kwamba sikuijua kazi. Niliijua vizuri sana. Ndiyo maana bado inaniuma.

Studio ilikuwa ya mzee mmoja Msabato, mpole, mwenye macho mabovu, tuliyemwita Patroni. Yeye alipiga picha na kusafisha filamu; mimi nilitengeneza kamera, nikafunga flashi na kumwandalia kila kitu, yeye abaki kubonyeza tu. Mimi ni Mwislamu wa Nyamirambo, mtoto wa fundi cherehani, na Patroni alinichukua baada ya kumtengenezea redio yake iliyokuwa imewashinda mafundi wengine wawili. Ijumaa mchana nilikwenda msikitini. Ijumaa hiyohiyo, kabla jua halijatua, yeye alifunga chumba cha giza, na hakuna mtu aliyekifungua mpaka Sabato ipite. Jumapili wateja walikuwa kanisani. Watu walitutania kwamba dini zote za Kigali zimekutana kwetu ili kazi isifanyike. Patroni alicheka, akasema wiki ina siku za kutosha.

Tangu vita vianze kaskazini mwaka wa tisini, kazi ya picha ndogo ilizidi. Kila ofisi ilitaka karatasi mpya, na kila karatasi ilitaka sura ya mtu. Na hapo ndipo tabu yetu ilipoanza, kwa sababu picha nyingi zilitoka macho yamefumba. Patroni alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, flashi ikawaka, na kwenye karatasi anatoka mtu aliyelala. Ofisi ilikataa, mteja alirudi na hasira, sisi tukapiga upya bure. Patroni aliamini flashi yetu imezeeka na mwanga wake unakawia, hata mtu anapata nafasi ya kufumba macho. Mimi niliamini flashi yangu ni nzima, na nilibishana naye kwa miezi, bila ushahidi wowote ila kiburi.

Aliyetuamua alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyepanga nyumba nyuma ya maduka yetu. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na alivaa saa ya kiume iliyokuwa ya baba yake. Wiki za kwanza za vita askari walimkamata pamoja na watu wengi, kwa kuwa kwenye kitambulisho chake, katika mstari wa kabila, palikuwa pameandikwa Mtutsi. Alikaa kizuizini majuma kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda, akaenda darasani Jumatatu yake kana kwamba alikuwa na malaria tu. Nilipomuuliza alikuwa anafanya nini siku zote hizo, alisema alihesabu mabati ya paa, halafu misumari ya mabati.

Siku moja alikuta mimi na Patroni tunabishana juu ya flashi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini hatuupimi huo mwanga. Nikacheka. Nikamwambia mwanga wa flashi hauna urefu wa kushikwa na saa yoyote, ukifumba na kufumbua umekwisha. Akasema basi tusitafute saa. Tutafute kitu kinachokwenda mbio ambayo tunaijua, tukipige picha, tuone kimesogea kiasi gani wakati mwanga uko juu yake.

Patroni alikuwa na gramafoni ya zamani, ile ya santuri nzito zinazozunguka mara sabini na nane kwa dakika. Mwalimu alitaka nibandike sindano ya cherehani juu ya santuri, karibu na ukingo. Kwanza alihakikisha mzunguko: niliweka alama ya chaki, yeye akashika saa, na tukahesabu dakika nzima, mara tatu, wateja wawili wakitukodolea macho. Halafu akapiga hesabu zake kwenye karatasi ya kufungia sukari, akaniambia niisogeze sindano ndani karibu nusu sentimita. Nikauliza kwa nini. Akasema ikikaa pale itakwenda mita moja kamili kwa sekunde, na milimita moja ya sindano kusogea itakuwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hata mtu kama mimi ataweza kusoma.

Tulifunga mapazia, tukaizungusha santuri, Patroni akapiga. Kwenye picha iliyokuzwa mara kumi, sindano ilikuwa imeacha mkwaruzo mweupe: kichwa kikali upande mmoja, mkia unaofifia upande wa pili. Mwalimu aliupima kwa rula yake ya darasani, akaondoa unene wa sindano, akagawanya kwa kumi. Mwanga wetu ulikuwa na urefu wa milimita moja na ushei. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Patroni. Mwalimu hakufurahi sana. Aliendelea kuutazama ule mkwaruzo, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika baadaye kwenye daftari langu la vipimo.

“Hii haiwezi kufunga mutu macho. Macho iko pole kuliko hii. Wanafunga mbele, sababu wanaogopa.”

Alitueleza kwamba jicho linahitaji muda mrefu zaidi, mara thelathini, arobaini, ndipo lijue limemulikwa na kope zishuke. Flashi inakuwa imeshakwisha zamani. Kwa hiyo wanaofumba ni wale wanaosubiri kumulikwa. Wanasikia “tatu” na wanafumba. Tangu siku hiyo Patroni alihesabu mpaka tatu kama kawaida, ila alipiga kwenye mbili, na macho yakatoka wazi. Ilikuwa hila ndogo na tuliionea fahari.

Nilipata ugonjwa wa kupima. Kila flashi iliyoletwa kutengenezwa niliisimamisha mbele ya santuri, nikaandika urefu wa mwanga wake na umbo la mkia wake. Mwalimu alipita jioni akitoka shule, akasahihisha hesabu zangu kwa kalamu nyekundu. Kati ya mwaka wa tisini na moja na tisini na tatu daftari lile lilijaa. Pembeni ya vipimo niliandika pia upuuzi wangu: leo bomu la mkono sokoni, leo redio imesema majina ya watu, leo vijana wanafanya mazoezi uwanjani kwa filimbi, na fimbo wanazishika kama bunduki. Yule aliyewapigia filimbi alikuwa mteja wetu. Tulimpiga picha nne na zilitoka safi.

Nilianza kuona kwamba hila ya “mbili” inashindwa. Watu walikuwa wanafumba macho tangu “moja”. Wengine walifumba walipokaa tu kwenye kiti. Nilimwambia mwalimu kwa utani kwamba itabidi Patroni apige kabla hawajaingia mlangoni. Hakucheka. Wakati huo alikuwa ameacha kupita jioni. Alipita mchana, akitembea upande wenye watu.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne magari meupe ya wageni wa kulinda amani yalipita kila saa kwenye barabara yetu, na baadhi ya majirani walisema sasa mambo yatatulia. Mwalimu alihesabu vizuizi vya barabarani kati ya Kabeza na shule yake, wiki hadi wiki, na hesabu yake ilikuwa inapanda tu. Kabla ya Pasaka alikuja studio, akasubiri wateja watoke, akatuambia mimi na Patroni kwamba anaondoka. Mdogo wake aliishi Mwanza. Karani mmoja wa ofisi za serikali Kacyiru, ambaye mwanawe alifaulu hesabu mikononi mwa mwalimu, alikuwa amemwahidi karatasi ya kusafiria. Apeleke picha nne Jumanne baada ya Pasaka, kabla ya saa sita mchana, isainiwe hapohapo. Jumatano asubuhi angepanda gari la Kabuga, na kutoka Kabuga angekwenda moja kwa moja mashariki mpaka mpakani. Alisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mitihani.

Patroni alimwambia aje Ijumaa asubuhi, apigwe picha akiwa ametulia.

Sasa nifike kwangu. Alhamisi ile niliachiwa katoni ya balbu za magnesi, zile za zamani zinazowaka mara moja na kufa. Katekista mmoja alizikuta stoo ya parokia, akaniuliza kama zina kazi yoyote. Zilikuwa kumi na mbili. Mtu mwenye akili angezirudisha kwenye katoni. Mimi nilitaka kujua mwanga wake una umbo gani. Pembeni ya lenzi ya kamera yetu palikuwa na kiswichi chenye herufi mbili. X ilikuwa ya flashi ya umeme: mwanga unawaka papo hapo kijilango cha kamera, kile kinachoufikisha kwenye filamu, kinapofunguka. M ilikuwa ya balbu za magnesi, ambazo zinachelewa kushika moto, kwa hiyo kamera inatoa amri ya mwanga kwanza, inasubiri kidogo, ndipo inafungua kijilango. Ukipiga flashi ya umeme kwenye M, mwanga unawaka na kwisha mlango ukiwa bado umefungwa. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Nilikisogeza kwenye M na nikaunguza balbu nane mbele ya santuri. Filamu yake niliisafisha mwenyewe jioni hiyo, Patroni alipotoka. Picha zilikuwa nzuri ajabu: mkwaruzo wa sindano ulianza hafifu, ukanenepa, ukakonda tena, sentimita mbili nzima. Nilikaa nazo mpaka giza likaingia, nikichora umbo lake kwenye daftari. Nilifurahi sana jioni ile. Kiswichi nilikiacha kwenye M.

Ijumaa asubuhi mwalimu alikuja amevaa blauzi nyeupe. Patroni akahesabu, akapiga kwenye mbili, flashi ikawaka kama inavyowaka siku zote. Kwa jicho hakuna tofauti. Kabla yake na baada yake tulipiga wateja wengine wanne, filamu haikujaa, kwa hiyo haikusafishwa, na mimi nikaenda msikitini. Jioni Patroni alifunga chumba cha giza. Jumamosi ilikuwa Sabato, Jumapili Pasaka, Jumatatu sikukuu. Jumanne saa tatu Patroni alitoka chumba cha giza ameshika filamu mbichi, akaniita kwa sauti ndogo. Ilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilitazama kamera, nikaona M.

Patroni alianza kumlaani muuza filamu. Nami, wakati yeye amegeukia dirishani, nilinyoosha kidole kimoja nikakirudisha kiswichi kwenye X. Nilifanya hivyo haraka sana. Sikuwa nimefikiri lolote bado, kidole kiliamua peke yake, na baada ya hapo kila neno nililosema lilifuata kidole.

Mwalimu alikuwa ametoka tangu asubuhi, akafika saa tano. Patroni alimweleza, akamwomba radhi, akasema filamu ilikuwa mbovu. Mwalimu alinitazama mimi. Aliona mezani katoni ya balbu, na zile nane zilizoungua, nyeupe kama mayai ya mjusi.

“Fundi, ile swichi ulirudisha?”

“Niliirudisha, Mwalimu. Ni filamu.”

Aliitazama saa yake. Kupiga upya, kusafisha, kukausha na kuchapa kulihitaji saa moja na nusu tukikimbia, na Kacyiru ni mbali. Alikaa kwenye kiti, akarekebisha ukosi wa blauzi, akamwambia Patroni apige. Alasiri alituma habari kwa karani, na karani akajibu kwamba mkubwa wa kusaini amesafiri na atarudi Alhamisi. Aje Alhamisi asubuhi. Siku mbili tu. Nilijiambia siku mbili si kitu, miaka minne alikuwa ameshasubiri.

Jumatano saa kumi alikuja kuchukua picha zake. Zilikuwa nzuri, mashavu yana mwanga, macho wazi. Alizihesabu nne, akazitia kwenye mkoba. Mlangoni alisimama, akasema nisisahau kuandika kwenye daftari ile filamu ilikuwa ya namna gani. Alisema bila hasira, kama anavyomwambia mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani. Nikamwambia nitaandika. Nilisikia aibu mpaka masikioni, na bado sikusema.

Jioni hiyo nilikuwa uani nyuma ya studio, ambako nilikuwa na chumba changu cha kulala, natia maji ya kutawadha kwa ajili ya isha. Mbingu upande wa Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, iliwaka, ikazima, ikawaka tena, halafu ukaja mshindo. Nitasema jambo linalonitia haya: nilianza kuhesabu. Mazoea ya daftari. Mwanga wa kwanza niliukadiria, wa pili niliukadiria, na ule mwekundu uliofuata chini, nyuma ya miti, nilihesabu mpaka tano nikaacha, kwa sababu haukuwa unakwisha. Majirani walitoka, tukasimama tumetazama upande mmoja. Hakuna aliyekimbia. Kuna mtu aliuliza kama ni umeme umelipuka. Taa ya mwalimu ilikuwa inawaka, kisha ikazimwa.

Asubuhi redio ilisema ndege ya rais imetunguliwa, na barabara ilikuwa imefungwa. Kitambulisho changu, kwenye mstari wa kabila, kilikuwa na neno lililonipitisha vizuizini, nikafika Nyamirambo kwa mama yangu kwa kutembea kutwa nzima. Sikupita nyumbani kwa mwalimu. Ilikuwa hatua sitini kutoka uani kwangu, na sikupita. Waliobaki Kabeza waliniambia baadaye kwamba wauaji walikuja kwake asubuhi hiyohiyo, mapema, na orodha.

Niliporudi katikati ya mwaka, studio ilikuwa kuta tu. Walichukua kamera, flashi, gramafoni, mlango, hata fremu ya dirisha. Sanduku la filamu za Patroni lilikuwa limechomwa uani. Patroni mwenyewe sikumwona tena; wengine walisema amekimbilia Goma, wengine hawakusema kitu. Kwenye kona, chini ya plasta iliyoanguka, nilikuta kopo langu la maziwa ya unga nililotupia majaribio yaliyoharibika. Ndani yake kulikuwa na sindano, karatasi ya sukari yenye hesabu za mwalimu, na ile filamu tupu ya Ijumaa, ambayo nilikuwa nimeificha humo ili Patroni asije akaichunguza.

Haikuwa tupu kabisa. Niliiweka juu ya kitambaa cheusi, nikaiinamisha, na palikuwa na kitu. Dirisha la studio lilikuwa limeachia mwanga kidogo. Fundi mwenzangu mmoja aliyerudi kutoka Kampala alikuwa na mashine ya kuchapia picha, nikachapa kwenye karatasi kali kuliko zote alizokuwa nazo, mara saba au nane, mpaka mwalimu akatokea. Alikuwa mweusi gizani, blauzi inaonekana kuliko uso. Lakini macho yalionekana, na yalikuwa wazi.

Mdogo wake alifika mwishoni mwa mwaka, kutoka Mwanza. Alikuwa anazunguka Kabeza akiuliza kama kuna mtu yeyote mwenye picha ya dada yake, kwa sababu nyumbani kwake hakikubaki hata kijiko. Wakamleta kwangu. Nilimpa ile picha. Aliishika karibu na mlango, kwenye mwanga, muda mrefu.

“Mbona ni giza hivi, kaka? Hamkuwa na flashi?”

Nikamwambia flashi iliwaka. Nikamwambia hapa mwanga umeshapita na macho yake bado hayajajua. Aliniangalia kama mtu asiyeelewa, na nilikuwa na nafasi ya kuishia hapo. Nikamweleza kiswichi. Nikamweleza Alhamisi na balbu nane, Ijumaa, Jumanne saa tano, swali aliloniuliza dada yake na jibu nililompa.

“Picha zingetoka Jumanne?” aliuliza.

“Jumatano asubuhi angekuwa njiani.”

Hakulia na hakunitukana. Aliomba kitu cha kufungia, nikampa ile karatasi ya sukari, kwa kuwa ilikuwa na mwandiko wa dada yake na nilitaka aondoke nayo pia. Aliifunga picha ndani yake, akaitia kwenye mkoba, akavuka barabara kwenda kungoja gari la Kabuga. Nilisimama mlangoni mpaka gari lilipokuja. Hakugeuka.